Kikombe na Chai: Jarida la form+zweck na Shutuma ya Umaumbo

Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili kuna mfano mmoja uliokaririwa mno hata ukasahauliwa kuwa ni mfano tu. Mwanafunzi huambiwa kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Kikombe chaweza kuwa cha kauri au cha bati. Kinachokata kiu ni chai. Wapo waliokataa mfano huu wakapendekeza ule wa sarafu yenye sura mbili, lakini pingamizi lao halikuung'oa. Mfano wa kikombe ungali unatawala kila mahali ambapo mhakiki hujaza kurasa kumi kwa dhamira, migogoro na ujumbe, kisha akamalizia kwa ukurasa mmoja wa tamathali za usemi, kana kwamba anahesabu maua yaliyochorwa ubavuni mwa chombo.

Makala hii inashikilia kwamba mfano huo ni mbovu, na kwamba ubovu wake si wa kitaaluma tu bali ni wa kisiasa pia. Ushahidi unaotolewa hapa hautoki katika fasihi. Unatoka kwa watu ambao kazi yao ilikuwa vikombe vyenyewe, pamoja na viti, taa, redio na pikipiki: wasanifu wa bidhaa za viwandani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, yaani Ujerumani ya Mashariki, na jarida lao lililoitwa form+zweck. Jina hilo kwa Kiswahili ni "umbo na kusudi". Lilianza kama kitabu cha mwaka, la kwanza likiwa la 1956/57, baadaye likawa jarida la kawaida, na likaendelea kuchapishwa chini ya dola ya kisoshalisti mpaka dola hiyo yenyewe ilipotoweka mwaka 1990.

Yawezekana msomaji akauliza kikombe kina nini cha kumfunza mhakiki wa riwaya. Jibu ni kwamba kikombe hakisemi. Hakina msimulizi, hakina mhusika mkuu, hakina wito wa mapinduzi katika sura ya mwisho. Hakina dhamira ambayo mhakiki aweza kujificha nyuma yake. Kwa sababu hiyo, anayekihakiki hulazimika kulihakiki umbo, na anayekishutumu hulazimika kufichua ni nini hasa anachokitaka.

Shutuma ya 1951

Mwezi Machi 1951 Kamati Kuu ya Chama cha Umoja wa Kisoshalisti, chama kilichotawala Ujerumani ya Mashariki, ilipitisha azimio dhidi ya umaumbo katika sanaa na fasihi. Neno "umaumbo" hapa lina maana ya mwelekeo unaolaumiwa kwa kulitukuza umbo na kuyasahau maudhui. Shutuma hiyo haikuishia kwa washairi na wachoraji. Iliwafikia wajenzi na watengenezaji wa vyombo, na shabaha yake kubwa ilikuwa urithi wa Bauhaus, chuo cha sanaa na usanifu kilichoanzishwa Weimar mwaka 1919, kikahamia Dessau mwaka 1925, na kufungwa Berlin mwaka 1933 kwa shinikizo la utawala wa Hitler. Walter Ulbricht, kiongozi wa chama, na Kurt Liebknecht, rais wa chuo cha taifa cha ujenzi, waliuita mtindo huo wa kigeni na usio na uhusiano na umma.

Yafaa izingatiwe shutuma hiyo iliwaangukia nani. Mart Stam, msanifu wa Kiholanzi aliyewahi kufundisha Bauhaus, alikuwa mkomunisti aliyekuja kwa hiari kuijenga nchi mpya. Aliongoza chuo cha Dresden kuanzia 1948, kisha kile cha Berlin-Weissensee kuanzia 1950, na huko akaanzisha taasisi ya usanifu wa bidhaa za viwandani. Kufikia 1953 alikuwa amekwisha kuondolewa na kurudi Uholanzi. Marianne Brandt, ambaye buli lake la chai la 1924 ni miongoni mwa kazi mashuhuri kabisa za Bauhaus, alifundisha chini ya Stam. Naye hakudumu, kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa amejitenga katika mji wake wa Chemnitz, ambao wakati huo ulikuwa umebadilishwa jina kuwa Karl-Marx-Stadt.

Kosa lao lilikuwa nini? Hawakupinga ujamaa. Waliutaka, na walitaka uonekane katika kiti ambacho mfanyakazi aweza kukinunua na katika taa ambayo kiwanda chaweza kuitoa kwa maelfu. Waliambiwa kwamba vyombo vitupu visivyo na nakshi havionyeshi furaha ya umma. Hapo ndipo mfano wa kikombe na chai unapojifichua. Aliyedai maudhui katika buli hakuwa anadai chai. Alikuwa anadai sifa. Alitaka chombo kitangaze, kwa nakshi na mapambo ya mapokeo ya taifa, kwamba maisha ni mazuri, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuuliza kama chombo hicho chamimina vizuri au chamwaga.

Wakati huohuo barabara ya Stalinallee ilikuwa inajengwa Berlin kwa majumba yaliyopambwa, yakiitwa majumba ya wafanyakazi. Maudhui yake yalikuwa bayana kabisa. Mnamo Juni 1953 wajenzi wa barabara hiyohiyo waliweka zana chini kupinga nyongeza ya viwango vya kazi, na mgomo wao ukawa chanzo cha maasi ya tarehe 17 Juni. Mapambo ya kutani yalisema jambo moja, na mikono iliyoyaweka pale ikasema jingine. Mhakiki aliyefunzwa kusoma ujumbe uliotangazwa peke yake asingeweza kulieleza tukio hilo.

Vyombo vya Dresden

Upepo uligeuka kutoka Moscow. Mnamo Desemba 1954 Khrushchev aliyakashifu mapambo ya gharama katika ujenzi na kudai ujenzi wa kiviwanda. Vitabu vya kwanza vya form+zweck vilitoka katika mazingira hayo, vikichapishwa na taasisi iliyotokana na ile ya Stam, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imepewa jina la sanaa tumizi. Lakini mgeuko ulioamriwa kutoka juu haukuwa hoja iliyoshinda. Ndiyo maana shutuma iliweza kurudi ilipohitajiwa.

Ilirudi mwaka 1962, katika Maonyesho ya Tano ya Sanaa ya Ujerumani yaliyofanyika Dresden. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa kulikuwa na vyombo vya maua vya kauri vya Hubert Petras, vyenye umbo la silinda tupu, bila ua wala mstari wa dhahabu. Gazeti la chama, Neues Deutschland, liliushambulia usanifu wa namna hiyo likidai kuwa umebaki nyuma ya maisha. Miaka kumi na mmoja baada ya azimio la 1951, chombo cha kuwekea maua kilikuwa kingali kinatakiwa kithibitishe uaminifu wake.

Mtu aweza kuona kichekesho katika dola zima kukiogopa chombo cha maua. Hata hivyo hofu ile ilikuwa na mantiki. Chombo kitupu hakimsifu yeyote. Hakina mahali pa kubandika kauli. Humwacha mtumiaji na maswali yake mwenyewe: kinasimama imara, kinasafishika, kitadumu, bei yake ni ya nani? Maswali hayo yakizoeleka kwa chombo, yataulizwa pia kwa nyumba, kwa kiwanda, na hatimaye kwa ofisi. Umaumbo, katika matumizi yale, lilikuwa jina lililopewa mwanzo wa kuuliza.

Urithi ulioruhusiwa

Katika miaka ya 1960 taasisi hiyo iliwekwa chini ya Martin Kelm, na mwaka 1972 ikapandishwa kuwa ofisi ya dola ya usanifu wa bidhaa za viwandani, chini ya Baraza la Mawaziri, Kelm akiwa mkuu wake mpaka mwisho. Ofisi hiyo ilipima ubora wa bidhaa, ilitoa tuzo, na ililimiliki jarida. Baada ya 1971, chini ya Honecker, chama kiliahidi nyumba na bidhaa kwa wote, na kwa hiyo kiliwahitaji wasanifu kuliko awali. Mnamo Desemba 1976 jengo la Bauhaus la Dessau, lililokuwa limekarabatiwa, lilifunguliwa upya kuadhimisha miaka 50 tangu kuzinduliwa kwake. Form+zweck ilitoa toleo maalumu juu ya Bauhaus mwaka huohuo, na mengine yakafuata.

Baadhi ya wanahistoria hulichukua tukio hili kuwa ushindi wa jarida. Mgala muuwe na haki yake umpe: kazi ya wahariri kama Hein Köster, waliokusanya kumbukumbu na kuyarejesha majina yaliyofutwa, haikuwa ndogo. Lakini ushindi huo unapaswa kutazamwa kwa jicho kali. Jengo lilikuwa lilelile. Kuta za vioo zilikuwa zilezile zilizoitwa za kigeni mwaka 1951. Kilichobadilika ni kibandiko. Bauhaus ilikuwa imepewa maudhui yanayokubalika, ikaitwa urithi wa maendeleo wa tabaka la wafanyakazi, na kwa kibandiko hicho umbo lake likasamehewa. Hoja ya msingi, kwamba umbo lenyewe ndilo linalopaswa kuhojiwa, haikukubaliwa; ilizungukwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na chama kiliiwamba Bauhaus mara mbili, kwanza kwa kuilaani, kisha kwa kuirithi.

Kusudi la nani?

Pamoja na hayo, ndani ya kurasa za form+zweck palikuwa na fikra ambayo haikuwa ya kuzunguka. Mwanafalsafa Lothar Kühne, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Humboldt na kuandika Gegenstand und Raum (1981), aliutetea usanifu usio na nakshi kwa hoja za Umaksi wenyewe. Kwake, chombo kinachojionyesha kwa mapambo kimefungamana na umiliki: humwambia mgeni kwamba mwenye nyumba ana mali. Chombo kinachonyamaza huacha nafasi kwa uhusiano wa watu wanaokitumia. Kwa hiyo swali la nakshi halikuwa la ladha. Lilikuwa swali la aina ya jamii inayokusudiwa. Alichofanya Kühne ni kukitwaa kipimo cha washutumu, yaani manufaa ya umma, na kuwapimia kwacho.

Msanifu Clauss Dietel naye alileta kile alichokiita kanuni wazi. Kwa kanuni hiyo chombo hakifunikwi kwa gamba moja linalokificha. Sehemu zake huonekana, hufikika, na zaweza kubadilishwa moja moja kadiri zinavyochakaa au teknolojia inavyosonga mbele. Yeye na Lutz Rudolph waliifuata katika pikipiki ndogo za Simson zilizotengenezwa Suhl, S50 iliyotoka mwaka 1975 na S51 iliyotoka mwaka 1980. Katika uchumi wenye uhaba wa vipuri, umbo hilo lilikuwa ahadi kwa mtumiaji: kwamba hataachwa na chombo kilichokufa kwa sababu ya sehemu moja. Ahadi hiyo ilitimizwa kupita umri wa dola iliyoiidhinisha, kwa kuwa pikipiki hizo zingali zinaendeshwa na kutengenezwa Ujerumani mpaka leo.

Kisha kuna kikombe chenyewe. Margarete Jahny, mwanafunzi wa Marianne Brandt, alisanifu pamoja na Erich Müller, mwishoni mwa miaka ya 1960, vyombo vya kauri vilivyoitwa rationell, vilivyotengenezwa Colditz na kutumiwa katika mikahawa, mabwalo na mabehewa ya chakula ya treni. Vikombe hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine bila kuteleza. Asemaye kwamba kujali umbo ni anasa ya wateule na akitazame kikombe hiki. Umbo lake limefikiriwa kwa ajili ya mhudumu anayebeba mrundo wa vyombo katika behewa linaloyumba, na kwa ajili ya aoshaye mamia ya vikombe kwa zamu moja. Maudhui ya kikombe hicho hayamo katika chai. Yamo katika mkono wake, uzito wake, ukingo wake na namna kinavyokaa juu ya mwenziwe. Chai ikishanyweka, heshima kwa yule mfanyakazi inabaki ndani ya kauri.

Mipaka ya jarida

Haitakuwa haki kuishia hapo, kwani wako wapenzi wa mambo ya kale ambao leo huvikusanya vyombo vya Ujerumani ya Mashariki kana kwamba vilitengenezwa nje ya siasa. Kasoro ya form+zweck ilikuwa kubwa, nayo ilitokana na mahali liliposimama. Mchapishaji wake alikuwa ofisi ileile iliyoamua bidhaa ipi ni njema. Jarida liliweza kusema kiti kizuri kinapaswa kuwaje. Halikuweza kuuliza hadharani, kwa jina na kwa cheo, ni nani aliyeamua kwamba kiti hicho kisitengenezwe.

Gari la Trabant ni kielelezo kinachotosha. Muundo wa 601 ulianza kutengenezwa mwaka 1964 na uliendelea, kwa mabadiliko madogo, mpaka 1990. Warithi wake walisanifiwa. Mmoja, P603, ulifikia hatua ya magari ya majaribio kabla ya kusimamishwa na uongozi mwishoni mwa miaka ya 1960. Raia walingoja zaidi ya miaka kumi kulipata gari ambalo wasanifu wenyewe walijua limepitwa na wakati. Pengo kati ya mchoro na kiwanda lilikuwa ndiyo siasa yenyewe ya usanifu katika nchi ile, na ndilo pengo ambalo jarida la ofisi ya dola halikuwa huru kulichimbua mpaka chini.

Somo hapa ni kali kuliko lile la kawaida kwamba udhibiti ni mbaya. Jarida lilifanya nusu ya kazi ya uhakiki, na lilifanya vizuri: lilikisoma chombo kwa undani usio na mfano. Nusu ya pili, ya kumhoji mwenye uamuzi, ilikuwa haimo mikononi mwake. Ofisi ilipovunjwa mwaka 1990 wahariri waliliendeleza kwa muda kama jarida huru. Uhuru wa kuuliza ulipatikana, lakini viwanda ambavyo vingeulizwa vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Uhakiki uliochelewa ulikuta mlango wazi na nyumba tupu.

Fani, maudhui na mhakiki wa Kiswahili

Historia hii haiko mbali na Afrika ya Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ya Mashariki ilisaidia ujenzi wa nyumba za Kikwajuni, Unguja, na mpango wa mji wa 1968 wa mtaalamu wake Hubert Scholz una uhusiano wa moja kwa moja na majumba marefu ya Michenzani. Maudhui ya majumba hayo yalitangazwa: makazi ya kisasa kwa wanyonge. Anayeyasoma kwa mfano wa kikombe na chai hana la kuongeza. Atasifu nia au ataikebehi. Anayesoma umbo atauliza palikwenda wapi baraza na ua, jiko liliwekewa nani, na mzee wa orofa ya juu ashuke vipi kuzungumza na jirani. Maswali hayo ndiyo yanayoichukua nia ya Mapinduzi kwa uzito, kwa kuwa huidai itimizwe.

Fasihi yenyewe ina kisa chake. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanajadi waliyashutumu kuwa ni ya kigeni na kwamba si mashairi. Neno "kigeni" lilifanya kazi ileile iliyofanywa dhidi ya Bauhaus: liliondoa haja ya kusoma. Lakini baadhi ya waliomtetea nao walikosea kwa upande wa pili. Walisema vina si kitu, la muhimu ni ujumbe kwa umma. Kwa utetezi huo walikubali, bila kujua, kwamba umbo ni kikombe tu. Kati ya shutuma na utetezi, swali moja lilipata watu wachache mno wa kuliuliza: mstari unaokatika pale unapokatika unamfanyia nini msomaji, na kwa nini mstari wenye mizani kamili usingeweza kulifanya?

Mfano wa kikombe na chai, basi, uachwe, na si kwa sababu za adabu ya kitaaluma. Uachwe kwa sababu humfundisha mwanafunzi kuridhika na tangazo. Anayepima riwaya kwa ujumbe wake atampa alama njema mwandishi anayelaani ufisadi kwa sentensi za hotuba, ambazo msomaji hana kazi ndani yake ila kuitikia. Hatatambua kwamba riwaya hiyo, kwa umbo lake, inamfanya raia kuwa msikilizaji wa mkutano wa hadhara, huku ikidai kumkomboa. Wala hatakuwa na namna ya kuieleza kazi inayonyamaza kama vyombo vya Dresden na kumwachia msomaji nafasi ya kuhukumu.

Tasnifu za uzamili zenye sura moja ya "maudhui" na nyingine ya "fani" zinapaswa kuulizwa kwa nini zimegawa kitu kisichogawika. Majarida ya idara nayo, yanayoishi kwa ruzuku ya taasisi zao, yanapaswa kukumbuka nusu ile iliyokosekana katika form+zweck. Haitoshi kuionyesha sentensi ilivyojengwa. Ni lazima pia kuuliza ni nani aliyeichagua kwa ajili ya shule, ni nani aliyeikataa, na kwa kipimo gani. Kusoma umbo bila kumhoji mwenye uamuzi ni kazi nusu. Kumhoji mwenye uamuzi bila kusoma umbo ni kelele. Na kuhesabu ujumbe bila kufanya lolote kati ya hayo mawili ni kumsaidia mwenye buli kumimina apendavyo, huku mnywaji akiambiwa asiangalie kikombe.